Hatua Hamsini na Sita Kando ya Dagaa

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi kamba ilinitoka mkononi. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimeitazama muda mfupi kabla, nikipiga hesabu kama nitawahi kufungua kibanda changu Mkuyuni kabla ya saa mbili. Ilipofika saa moja na kumi na tatu mbwa wangu alikuwa katikati ya dagaa wa watu.

Ninaishi juu ya mawe, upande wa Pasiansi hapa Mwanza, katika nyumba isiyo na njia nyingine ya kutokea isipokuwa kushuka hadi mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inakoegeshwa, na kuufuata ufukwe mpaka barabara ya vumbi. Kutoka jiwe la mwisho hadi barabarani ni hatua hamsini na sita. Kushoto ni mitumbwi na maji. Kulia akina mama huanika dagaa juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa mchangani, wavu baada ya wavu, na katikati imeachwa njia ambayo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu.

Mimi ni fundi wa mizani. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kununua mizani mibovu, kuifungua, kuandika kila skrubu ilikotoka na kuifunga tena. Mbwa nilimchukua kwa mfugaji mmoja kwa sababu moja tu: kila nilipotoka kwenda kula, mtu aliniibia mawe ya mizani. Tangu mbwa alale mlangoni pa kibanda sikuibiwa hata jiwe la gramu hamsini. Kwa hiyo kila asubuhi nilishuka naye na kila jioni nilipanda naye, na mara mbili kila siku tulipita kwenye dagaa.

Hakuna mtu mwingine mtaani kwetu anayetembea na mbwa. Mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na akionekana njiani hupigwa jiwe hata kama hajafanya kitu. Mtu mzima anayeshuka mawe ameshika kamba yenye mbwa ni kichekesho, na mimi sikuwahi kuwa mtu wa kuchekesha.

Siku hiyo mbwa alikula, lakini kula kwake kulikuwa jambo dogo. Alikimbia juu ya nyavu tatu, akatifua mchanga ukachanganyika na dagaa, kisha akasimama kwenye ukingo wa wavu wa nne na kuinua mguu. Mnunuzi aliyekuja na magunia yake, mtu wa kupeleka dagaa Kongo, alikuwa amesimama palepale. Alitazama mpaka mbwa alipomaliza. Akakunja magunia, akaenda mwalo mwingine bila kuaga.

Nyavu zote nne zilikuwa za mama mmoja, mwanamke mrefu wa rika langu ambaye tulikuwa hatupatani tangu zamani. Miaka miwili kabla alikuwa amewatangazia watu kwamba mizani ninayotengeneza inapunja. Nilibeba mawe yangu yote hadi mwaloni nikampimia mbele ya watu. Mizani ilikuwa sawasawa. Hakuomba radhi, na mimi sikumsalimu tena.

"Wewe mzee una akili kweli?" alisema.

"Kamba imeniponyoka. Nitalipa."

"Utalipa nini? Utaukamua huo mkojo?"

Wenzake wakacheka. Nililipa siku hiyohiyo tofauti ya bei, kwa sababu dagaa wale waliishia kuuzwa kuwa chakula cha kuku. Alizipokea fedha, kisha akamwita mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti ni mwanamume mfupi mwenye duka la vifaa vya umeme. Alikuja na peni sikioni. Akauliza kama ni mara ya kwanza.

"Ya kwanza," nikasema.

"Ya tatu!" akasema yule mama.

"Zile mbili alivuta tu. Hakufika."

"Mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Alivuta. Huyu anavutwa na mbwa kama mkokoteni. Mimi sitaki hela zake. Mbwa aondoke au afe."

Mwenyekiti alihesabu siku kwa vidole. Watu wa ufukwe wetu hupanga mambo kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi huvutwa nchi kavu na nyavu za kuanikia hukunjwa. Kipindi hicho tunakiita mbalamwezi, na kingine tunakiita giza, na madeni, harusi na kesi za mtaa hupangwa humo.

"Basi nisikilizeni," akasema. "Giza hili limebakiza siku sita. Inakuja mbalamwezi. Giza likirudi, siku ya tatu, muda kama huu, dagaa wakiwa wameanikwa wote, fundi atapita hapa na mbwa wake. Kwenda na kurudi. Kamba ikikaza hata mara moja, namwita mtu wa mifugo siku hiyohiyo aje na sindano yake. Ikibaki imelegea, maneno ya mbwa yamekwisha na nisiyasikie tena."

"Na akikojoa?" mmoja akauliza.

"Akikojoa ni sindano."

Ningeweza kumrudisha kwa mfugaji, lakini mfugaji alikuwa amempata mwingine, na mbwa wa ziada pale kwake humalizwa kwa rungu. Ningeweza pia kumfunga nyumbani kwa mnyororo mchana kutwa, na hapo angekata mnyororo kama alivyokwisha kuukata mara moja, kwa sababu harufu ya dagaa hupanda hadi kwangu. Na kwa kweli mle ndani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Sikumwambia mwenyekiti hilo.

Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane nikaanza.

Nilitazama video kwenye simu. Waliokuwa wakifundisha mbwa humo walitembea juu ya majani yaliyokatwa vizuri, na kishawishi chao kikubwa kilikuwa mpira uliotupwa. Hata hivyo kanuni zao zilieleweka. Kamba iwe fupi, mita moja na nusu, na ishikwe ikiwa imelegea. Ikikaza, simama. Usivute, usipige, usiseme neno. Mbwa akirudi na kamba ikalegea, endelea. Akitembea goti lake sawa na goti lako, mpe kitu anachokipenda, papo hapo. Anza mbali na kile kinachomshinda, kisha sogea kidogo kidogo.

Hiyo ni kazi ninayoifahamu. Mizani nayo huanzi kuipima kwa gunia. Unaanza na sahani tupu.

Nilianza nyuma ya nyumba, kwenye mawe. Siku ya kwanza tulisimama mara sitini na tatu katika muda wa nusu saa. Siku ya pili mara arobaini na moja. Kuku wa jirani hakumsumbua tena kufikia siku ya tatu. Mbuzi siku ya nne. Nilimpa neno moja tu, "Hapa," na kila alipokuja kwenye goti langu nilitoa kitu mfukoni nikampa. Mfukoni nilikuwa nimejaza dagaa wakavu, kwa sababu ndicho chakula chake cha kila siku. Kila mbwa wa Mwanza hula ugali na vumbi la dagaa. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Lakini mwaloni, tulikoanza kushuka siku ya tatu, ilikuwa balaa. Nilisimama kwenye hatua ya kumi kwa dakika ishirini na tano, mbwa akiwa amejinyonga kwenye kamba, ulimi nje, macho kwenye nyavu. Vijana wa mitumbwi waliacha kukung'uta nyavu zao wakakaa kutazama.

"Shikamoo mzee!"

Niliendelea kuitazama kamba.

"Mzee, leo ana somo gani? Hesabu?"

"Hapana, leo ni maarifa ya jamii. Anawasoma akina mama."

"Akimaliza la saba atapelekwa sekondari ya bweni huyo."

"Ada atapata wapi? Mzee mwenyewe hajaoa kwa kubana matumizi."

Nilisimama. Kanuni ilisema nisimame. Mtu mmoja alirusha tumbo la sangara likaanguka hatua tatu mbele yetu, mbwa akaruka na kamba ikanichana ngozi ya kiganja. Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani, nikafunga kiganja kwa kitambaa, nikaandika daftarini: hatua ya kumi, kushindwa. Kesho yake niliandika hivyohivyo, na keshokutwa yake pia.

Siku ya mwisho ya giza yule mama alikuja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nilikuwa nimemvuta mbwa nyuma hadi hatua ya tano, na alipotulia kwa sekunde mbili nikatia mkono mfukoni nikampa zawadi yake.

"Hebu," akasema. "Hebu rudia. Umempa nini hapo?"

"Haikuhusu."

"Ni dagaa hao. Jamani njooni mwone! Fundi anamlipa mbwa dagaa ili aache dagaa!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. "Ni sawa na kumfundisha mlevi kwa kumpa bia," mwingine alisema. Mama yule hakucheka sana. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka, kama mtu anayetazama mzani alioambiwa ni mzuri ukigoma kwenye sifuri.

Alikuwa sahihi. Nilipanda mawe nikiwa na hasira ambayo sikuijua kabla. Kwa siku sita nilikuwa nimemfundisha mbwa kwamba dagaa ndiyo malipo bora duniani, kwamba mfuko wangu una wachache, na kwamba wale walioko mchangani hawahesabiki. Hata koti langu lilinuka. Nilikuwa nimejiharibia kazi kwa mkono wangu, na aliyeliona kosa ni mtu niliyemdharau kuliko wote ufukweni. Sikumshukuru. Mpaka leo sijamshukuru.

Jioni hiyo nilifua koti mara tatu. Ugali wa mbwa nikauacha bila dagaa kabisa. Siku ya kwanza alisusa, siku ya pili akala. Kwa mwenye bucha wa Mkuyuni, ambaye mizani yake huwa naitazama, niliomba mapafu ya ng'ombe, nikayachemsha, nikayakata vipande vya ukubwa wa ukucha. Nikaanza upya kwenye ukurasa mpya, kana kwamba zile siku sita hazikuwepo.

Mbalamwezi iliingia. Mitumbwi ilivutwa juu, nyavu zikakunjwa, na mchanga ukabaki na harufu tu na ndege yangeyange wachache wakiokota mabaki. Mbwa alitembea hatua zote hamsini na sita, kwenda na kurudi, bila kukaza kamba. Fundi mwingine angefurahi. Mimi niliandika: sahani tupu. Mzani unaosoma sifuri bila mzigo haujathibitisha kitu.

Kwa hiyo nilinunua dagaa sokoni, makopo manne ya sado, nikaomba wavu chakavu kwa mvuvi mmoja aliyenipa bila kuniangalia usoni, nikauanika uwanjani kwangu juu ya mawe. Siku ya kwanza tuliuzunguka kwa umbali wa hatua thelathini. Kamba ikikaza, nasimama. Akigeuka kunitazama, pafu. Hatua ishirini na tano. Hatua ishirini. Hapo tulikwama siku mbili, nikarudi ishirini na tano bila aibu. Niliwalowesha dagaa kwa maji ya ziwa ili harufu iwe ya kweli. Waliotoka juu kuteka maji walipita wakisema fundi ameanza biashara ya dagaa na mlinzi wake ni mbwa aliyefungwa. Mmoja, mwanamke mzee niliyemheshimu, aliniambia kwa upole, "Baba, si umwache tu huyo mnyama?" Nikamjibu, "Shikamoo mama," na kuendelea kutembea.

Siku ya tisa tulipita hatua moja kutoka kwenye wavu. Mbwa alipeleka macho yote mawili kulia, lakini goti lake halikuacha langu. Siku ya kumi na moja tuliupita mara thelathini. Nilianza kubadilisha: mara nyingine nampa pafu, mara nyingine neno tu, ili asijue ni lini. Nilimlipa hata dereva mmoja wa bodaboda kule barabarani apige honi nyuma yetu.

Giza likarudi. Siku mbili za kwanza nilimpitisha alfajiri, nyavu zikiwa ndiyo kwanza zinatandazwa. Kamba ilikaza mara mbili siku ya kwanza. Siku ya pili mara moja, kwenye hatua ya hamsini. Niliandika hizo tatu na sikulala vizuri.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, mwaloni kulikuwa na watu kama kwenye mnada. Vijana walikuwa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Akina mama walikuwa wamemaliza kuanika mapema kuliko kawaida yao, na nadhani siku hiyo hakuna wavu uliobaki nyumbani. Njia ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kuliko nilivyowahi kuiona. Mwenyekiti alinisubiri kwenye jiwe la mwisho, peni sikioni.

"Kwenda na kurudi, fundi."

"Nimesikia."

"Hapa," nikamwambia mbwa.

Nilihesabu kwa sauti ndogo. Kwenye hatua ya tisa walipiga miluzi. Hatua ya kumi na saba tumbo la samaki lilianguka upande wa kushoto. Mbwa aligeuza pua, kamba ikanyooka, ikakaribia kukaza, nikasimama kabla haijafika. Alirudi mwenyewe. Mwenyekiti, aliyekuwa akitufuata nyuma, aliinama kuitazama kamba, akaniashiria niendelee. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Nilipogeuka kwenye hatua ya hamsini na sita shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Kurudi, yule mama alikuwa amesimama kando ya wavu wake wa pili, karai kubwa la dagaa wabichi likiwa miguuni pake. Tulipofika hatua tano mbele yake alichota kwa mikono miwili akawamwaga njiani.

"Hiyo si haki!" nikasema.

"Dagaa hupukutika, fundi. Kila siku hupukutika. Au njia umeinunua?"

Nilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama maji.

Hapakuwa na pa kupitia isipokuwa juu yao. Nilisema "Hapa" na nikatembea polepole. Mbwa alishusha pua mpaka ikagusa dagaa mmoja. Kamba ilikuwa imelegea. Naiona hadi sasa, imejipinda kama kishikio cha kikombe kati ya mkono wangu na shingo yake. Kisha akainua kichwa, akanitazama, akakanyaga katikati ya dagaa wale kwa miguu yote minne kama anayepita kwenye majani. Tulifika jiwe la mwisho. Nilimpa mapafu yote yaliyobaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Vijana walianza kushuka kwenye mitumbwi kama watu waliotoka kwenye mechi iliyoahirishwa.

"Kamba haikukaza," mwenyekiti alisema. "Maneno ya mbwa yamekwisha."

Nilipaswa kupanda nyumbani. Badala yake nilirudi mwaloni na mbwa wangu, nikasimama mbele ya yule mama, nikitaka aseme kitu. Sijui nilitaka aseme nini.

Akasema, bila hata kuinua sauti, "Mnaona? Mbwa wawili. Mmoja tu ndiye aliyefungwa kamba."

Nilipiga teke karai. Lilikuwa karai la plastiki, likapasuka ubavu, na dagaa wabichi walimwagika mchangani na mpaka kwenye maji. Yangeyange walikuja kabla hata mtu hajapiga kelele. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alinishika koti, kijana mmoja akaokota kasia, na wote wakaanza kusema kwa pamoja kwamba mbwa auawe, kwamba kesi irudiwe, kwamba mtu huyu ndiye wa kupigwa sindano. Mbwa alikuwa ameketi kando ya goti langu la kushoto. Kamba ilikuwa imelegea.

"Kimya!" mwenyekiti alisema. "Kesi ilikuwa ya mbwa, na mbwa ameshinda. Sirudii. Kasia weka chini wewe. Huyu atalipa alichomwaga, sasa hivi, mbele yangu, na karai pia."

Mama yule alitaja kiasi cha dagaa waliokuwa ndani. Nilijua ameongeza, kwa sababu najua karai la ukubwa ule linabeba kilo ngapi, lakini sikubisha. Nilimpa mwenyekiti kamba ya mbwa aishike ili nipate mikono miwili ya kuhesabia. Aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake. Noti nilimhesabia yule mama kiganjani, moja baada ya nyingine, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni: dagaa elfu ishirini na nane, karai elfu sita. Shilingi elfu thelathini na nne.